Sura ya Sita: Mota ya Omo Katika Maji ya Nyangwe

Mwezi Agosti 1874 Verney Lovett Cameron, luteni wa jeshi la majini la Uingereza, alifika Nyangwe akitokea Bagamoyo. Wafanyabiashara wa Kiarabu na Waungwana walikwisha kupiga kambi ya kudumu pale, juu ya ukingo wa kulia wa Lualaba. Cameron aliyatazama maji kwa jicho la kibaharia. Alikadiria kwamba mto unakwenda maili tatu hadi nne za baharini kwa saa, akapiga hesabu ya wingi wa maji na ya mwinuko wa nchi, akakata shauri kwamba mto huu hauwezi kuwa Nile. Suala la Nile wengine walikuja kulimaliza baada yake. Ile tarakimu ya mwendo wa maji imebaki vitabuni kama pambo, ingawa kwa mtu anayetaka leo kufunga mota ya umeme mbele ya mtumbwi wake pale Nyangwe hakuna tarakimu nyingine yenye thamani kama hiyo. Tutairudia punde.

Kwanza tukijue chombo chenyewe. Mota ya omo ni mota ndogo ya umeme, yenye kijiti kirefu na pangaboi mwishoni, inayofungwa mbele ya chombo badala ya tezini. Haisukumi, inavuta. Mwanzo wake si mbali sana: mwaka 1934, mjini Fargo katika jimbo la North Dakota, Marekani, O. G. Schmidt alitengeneza mota ya umeme ya mashua ndogo, na kutokana nayo likazaliwa jina la Minn Kota ambalo wavuvi wa kule wanalijua mpaka leo. Mwaka 1948, kule Shreveport, Louisiana, Holmes Thurmond akaunda Skeeter, mashua bapa na nyembamba iliyokusudiwa kumfuata samaki aitwaye besi kwenye vijito na vinamasi. Besi mwenyewe si mgeni kabisa kwetu; aliletwa kutoka Marekani akatiwa katika Ziwa Naivasha, Kenya, mwaka 1929. Mashua za namna ya Skeeter zilipokua, zikawa na mashine mbili. Ile kubwa ya petroli nyuma inampeleka mvuvi mahali penye samaki. Ile ndogo ya umeme mbele inamsogeza polepole bila kelele akishafika, naye amesimama, mikono yote miwili iko kwenye kazi yake.

Hapo kwenye mikono ndipo jambo hili linapotuhusu. Mvuvi wa Lualaba anayetega au kuopoa nyavu kwa kawaida hahitaji kasi. Anahitaji mtu wa pili wa kushika kasia au pondo ili mtumbwi usikae ubavu kwa maji. Mtu huyo wa pili hugawiwa samaki. Kama hayupo, mvuvi hupiga kasia, huacha kasia, huvuta wavu, hupelekwa na maji, hurudi kwenye kasia. Mota ya omo inachukua nafasi ya kasia hilo. Haichukui nafasi ya mashine ya petroli, na anayeinunua kwa tamaa hiyo atajuta kabla ya jua kuzama.

Nyangwe ina historia ndefu ya watu waliotaka vyombo wasivipate. David Livingstone aliwasili tarehe 29 Machi 1871, akakaa hadi Julai akiomba mtumbwi wa kumvusha na kumshusha mtoni. Wenye mitumbwi walikuwa Wagenya, nao walijua vizuri kwamba mgeni akipewa mtumbwi leo, kesho watavuka wenye bunduki. Hofu yao haikuwa bure: tarehe 15 Julai mwaka huohuo watu wa wafanyabiashara walifyatua risasi sokoni, mamia wakafa, wengi wao wanawake, wengine wakizama katika mitumbwi iliyojaa kupita kiasi. Livingstone aliondoka siku chache baadaye akiwa amevunjika moyo. Cameron naye hakupata mitumbwi, akageukia kusini. Henry Morton Stanley alifika Oktoba 1876 akiwa na jibu begani mwa wapagazi wake: Lady Alice, mashua yenye urefu wa futi 40 iliyoundwa na James Messenger kule Teddington, Uingereza, ikakatwa vipande vya kubebeka. Kati ya wageni hao watatu, aliyeteremka mto ni yule aliyekuja na chombo chake. Sisemi hili kwa kumsifu. Safari yake iliacha makaburi mengi. Nasema kwamba pale Nyangwe mwenye mtumbwi amekuwa mtu mzito tangu zamani, na kuutoboa mtumbwi wa mtu ili kufunga mota ni jambo la kuombewa ruhusa.

Sasa turudi kwa Cameron. Maili tatu hadi nne za baharini ni kama kilomita 5.5 hadi 7.5 kwa saa, na yeye alikuja wakati wa kiangazi. Mvua zikishika, maji hupanda na kukimbia zaidi. Mota ya omo ya kawaida, hata ikiwa ya bei kubwa, haiendi zaidi ya kilomita saba au nane kwa saa, kwa sababu pangaboi lake limechongwa kuvuta uzito kwa utulivu, wala halikuchongwa kwa mbio. Ukiongeza nguvu unapata uwezo wa kuvuta chombo kizito zaidi, lakini kasi haipandi kwa kiasi cha maana. Toa moja katika nyingine. Katikati ya mkondo, mtumbwi wenye mota hii ukielekezwa juu ya mto utasogea mwendo wa kobe, au utasimama palepale huku betri inakwisha. Muuzaji hatakwambia hivyo. Picha zake zimepigwa kwenye mabwawa.

Lakini hakuna mvuvi mwenye akili anayefanya kazi yake katikati ya mkondo. Lualaba ya Nyangwe ni pana, ina visiwa na matuta ya mchanga, na nyuma ya kila kisiwa pana maji yaliyopoa. Kandokando ya kingo, chini ya miti iliyoinama, mwendo hupungua sana. Kambale wako huko, na mbenga huvizia pale maji ya kasi yanapopakana na maji ya polepole. Hapo mota ina kazi, tena kazi ambayo mashine ya petroli haiiwezi.

Kazi yake bora kuliko zote ni kuteleza. Mvuvi anaelekeza omo juu ya mto, anawasha mota kwa nguvu kidogo tu, chini ya nguvu ya maji. Mtumbwi unashuka kinyumenyume, polepole kuliko mto wenyewe. Maji yakienda kilomita nne kwa saa na mota ikivuta tatu, chombo kinashuka kilomita moja, na mtu anaweza kulaza wavu au kukagua mishipi yake yote bila haraka. Akiona kisiki, anaongeza kidogo anasimama. Akitaka kwenda pembeni, anageuza kichwa cha mota na maji yenyewe yanampeleka. Jaribu jambo hilo na mashine ya tezini uone. Mashine ikisukuma kutoka nyuma polepole, omo hutafuta njia ya kugeuka, na ikishageuka kidogo maji hulikamata ubavu. Ni kama kumwongoza mbuzi: ukitangulia na kamba anakufuata, ukimsukuma kiunoni anakwenda anakotaka yeye. Chombo kinachovutwa kwa mbele hujinyoosha chenyewe nyuma ya nguvu inayokivuta.

Ukiikubali kazi hiyo kuwa ndiyo kazi yako, uchaguzi unakuwa rahisi. Watengenezaji huipima nguvu ya mvuto kwa ratili, wala si kwa farasi. Kanuni yao ya kawaida ni ratili mbili kwa kila ratili mia za chombo pamoja na mzigo, yaani kilo mbili kwa kila kilo mia. Mtumbwi wa kati, watu wawili, nyavu, betri na samaki, tuseme ni kilo 700: unahitaji mvuto wa kilo 14, takriban ratili 30. Hiyo ni hesabu ya bwawa. Kwa mto kama huu nisingekwenda chini ya ratili 55, ambazo ni kilo 25. Bahati nzuri, 55 ndicho kikomo cha kawaida cha mota za volti 12, zinazotumia betri moja. Ukitaka 80 unaingia volti 24 na betri mbili. Ukitaka 112, volti 36 na betri tatu. Mtumbwi wenye betri tatu za risasi umeshabeba karibu kilo 90 kabla hujaweka samaki hata mmoja. Kwa Nyangwe, volti 12 zinatosha, na anayekushawishi vinginevyo muulize nani atazibeba betri hizo kutoka Bukavu.

Kuna mota zinazoongozwa kwa mguu, kwa mkono na kwa rimoti. Ya mguu inamfaa mtu aliyesimama kwenye sitaha bapa. Ndani ya gogo lililochimbwa, kanyagio halina pa kukaa na nyaya zake hujaa tope. Ya mkono ndiyo ngumu kuharibika na ndiyo ya bei ndogo. Zile za bei ya juu, zinazozidi dola elfu moja, zina nanga ya setilaiti: unabonyeza kitufe na mota inajigeuza yenyewe kukushikilia mahali pamoja. Ni ufundi wa kupendeza. Ila mtoni, kushikilia mahali pamoja ni kupigana na maji kila sekunde, na betri ndiyo inayolipa. Jiwe na kamba hufanya kazi ileile usiku kucha bila kuomba chaji.

Tukitaja betri tumemtaja bwana mkubwa wa habari yote hii. Mota ya ratili 55 ikienda kwa nguvu zote hula takriban ampea 50. Betri ya saa-ampea 100 ingeiendesha saa mbili kwenye karatasi. Lakini betri ya risasi haipendi kushushwa chini ya nusu. Ukiizoesha hivyo, baada ya miezi michache unabaki na sanduku la kuwekea mlango. Kwa hiyo saa mbili ni saa moja. Kwa upande mwingine, kuteleza kwa nguvu ndogo hula ampea kumi au pungufu, na hapo nusu ile ya betri inakupa saa tano. Unaona kwa nini nimesisitiza kazi kabla ya mota. Mashine ileile, betri ileile: mmoja anafanya kazi asubuhi nzima, mwenzake anapiga kasia kurudi nyumbani saa tatu.

Betri za lithiamu zenye fosfeti ya chuma zinakubali kutumika karibu zote, na ya saa-ampea 100 ina uzito wa kilo 12 hivi, wakati ya risasi inafika 30. Bei yake ni kubwa. Hata hivyo mzigo wowote wa kwenda Kasongo, mji wa jirani na Nyangwe, hupita njia ambazo mvua huzifanya tope, mara nyingi nyuma ya pikipiki, na asidi ya betri ya risasi ikimwagika njiani haiokoteki. Mwenye uwezo anunue lithiamu moja badala ya risasi mbili. Umeme wa kuichaji utatoka juani: paneli ya wati 200, kwa jua la nyuzi nne kusini mwa ikweta, siku njema huingiza wati-saa 800 au zaidi, nusu ya betri hiyo na ziada. Siku za mawingu hesabu hupungua sana. Usisahau kidhibiti chaji, na kama ni lithiamu hakikisha kidhibiti kinaitambua.

Kufunga sasa. Mashua ya Kimarekani ina sitaha bapa mbele. Fundi anaweka bamba la mota, anatoboa, anakaza. Mtumbwi wa mti mmoja hauna hayo. Omo lake limechongoka, mbavu zake za juu ni nyembamba na hupasuka kufuata nyuzi za mti. Lakini una kitu ambacho mashua ya faiba haina: kichwa cha mbele kilichoachwa kigumu, mti mtupu, bila kuchimbwa. Hapo ndipo pa kushikia. Chukua ubao mgumu, mvule au mti mwingine usiooza upesi, unene wa sentimita nne au tano, uulaze kukingama juu ya omo, utokeze upande mmoja kiasi cha kuruhusu kijiti cha mota kushuka bila kugusa ubavu. Usiukaze kwa misumari. Toboa kichwa cha mtumbwi kutoka ubavu hadi ubavu, kwa ulalo, juu ya mstari ambao maji hufika chombo kikiwa kimejaa, upitishe bolti mbili zisizoshika kutu, na ubao ushikwe na vyuma vya pembe vinavyokazwa kwenye bolti hizo. Weka washa bapa pana na nati zenye mpira ndani, kwa kuwa mtetemo hulegeza nati za kawaida. Mwenye mtumbwi akikataa kutobolewa, ubao hufungwa kwa vipande vya mpira wa ndani wa gurudumu, vilivyovutwa kwa nguvu na kukazwa kwa kabari. Nautetea ufungaji huu kuliko mafundi wengi watakavyokubali: mpira hunywa mishtuko, na mota ikigonga kisiki ni ubao unaosogea, mti haupasuki.

Ukipata mota iliyotengenezwa kwa ajili ya tezi, ile yenye vibano viwili vya kukaza kwa mkono, usiirudishe. Nyingi huruhusu kichwa kulegezwa na kugeuzwa nusu duara juu ya kijiti chake, ili mbele yake iwe mbele ya chombo. Bila kugeuza utakuwa unasafiri kwa gia ya nyuma, nayo pangaboi huvuta vibaya hivyo. Ongeza kamba ya usalama kutoka kwenye mota hadi kwenye mtumbwi. Vibano hulegea, na Lualaba hairudishi kitu.

Urefu wa kijiti hupimwa hivi: kutoka juu ya ubao hadi usoni mwa maji, ongeza sentimita 30 ili pangaboi lisinywe hewa, ongeza tena 15 kwa ajili ya mawimbi. Kwa mitumbwi mingi ya mto jumla haizidi sentimita 90, kwa hiyo kijiti cha inchi 36 kinafaa. Kirefu kupita hapo kitakwangua mchanga kila unapokaribia ukingo.

Betri isikae mbele karibu na mota, ingawa waya mfupi unashawishi. Omo likielemewa, mtumbwi huchota maji. Wahenga wa bahari walisema tezi na omo marejeo ni ngamani. Basi betri nayo marejeo yake ni ngamani, katikati ya chombo, ila iinuliwe juu ya vipande vya mbao ndani ya sanduku, maana hakuna mtumbwi usiokumbwa maji. Waya wa kwenda mbele uwe wa shaba, unene usiopungua milimita mraba 16. Ukitumia waya wa nyumbani utapata moto, na nguvu itapotelea njiani. Fyuzi ya ampea 60 ikae karibu kabisa na ncha chanya ya betri.

Adui wa kila siku wa mota hii ni uzi. Kila jioni litoe pangaboi, ni nati moja na pini moja, utazame nyuma yake. Uzi wa nailoni ukijiviringisha pale huingia mpaka kwenye mpira wa kuzuia maji, unaukata, na maji yakishaingia kwenye mota hakuna fundi Kasongo wala Kindu atakayekurudishia hela yako. Beba pini za akiba, tatu au nne, ndani ya kopo lenye grisi. Na nyavu za jirani ziheshimiwe: inua mota unapozipita. Mota inayovuta mbele ina hatari nyingine isiyosemwa dukani: ukianguka kutoka omoni, unaangukia mbele ya pangaboi lako mwenyewe, na kama umeiacha ikienda, mtumbwi unakuja juu yako. Vaa jaketi la kuokolea na ufunge kamba ya kuzimia mkononi.

Je, petroli? Mashine ya farasi 15 yenye mipigo miwili, ile Yamaha Enduro inayojulikana kila gati la Afrika, hunywa lita sita au saba kwa saa ikikazwa, pamoja na lita moja ya oili kwa kila hamsini. Ndiyo itakayokuvusha mkondo na kukupandisha kutoka sokoni. Kule Ziwa Viktoria, upande wa Kenya, kampuni ya ASOBO imekuwa ikikodisha mashine kubwa za umeme kwa wavuvi wa omena, ikibadilisha betri zilizokwisha kwa zilizojaa. Mpango huo unafaa mahali ambapo mamia ya mashua hurudi ufuoni uleule kila asubuhi na maji hayana mkondo. Nyangwe iko kwenye kipande cha mto kilichofungwa huku na huku, juu kuna maporomoko ya Milango ya Jehanamu karibu na Kongolo, chini kuna maporomoko kabla ya Kindu. Ndiyo maana Wabelgiji walijenga reli kutoka Kindu hadi Kongolo. Kila kipuri huingia kwa nchi kavu. Chombo chenye sehemu chache za kuharibika ndicho kitakachodumu.

Kabla hujatoa fedha, nenda mahali unapovua, si gatini. Pima hatua za mita 50 kando ya ukingo, tupa kipande cha mti mkavu majini, uhesabu sekunde. Kikipita kwa sekunde 50 au zaidi, maji yanakwenda mita moja kwa sekunde au pungufu, na mota ya ratili 55 itakutumikia. Kikipita kwa sekunde 35, itakushikilia lakini betri utaimaliza mapema. Chini ya sekunde 30, nunua petroli, na nafasi ya omoni mwachie mtu mwenye pondo.